Friji ya mvinyo inaonyesha nyuzi 6 lakini chupa zina joto: ni gesi au sensa?

Swali: Fundi, naendesha hoteli ndogo hapa Kigoma, upande wa Bangwe. Nina friji ya mvinyo ya kompresa, ya kanda mbili. Kanda ya chini, ya mvinyo mwekundu, haina shida. Kanda ya juu, ya mvinyo mweupe, skrini inaonyesha nyuzi 6 lakini chupa zikitoka hazina baridi ya maana, mpaka wageni wanaomba barafu. Kompresa inanguruma kidogo kisha inanyamaza muda mrefu. Fundi wa kwanza alisema gesi imeisha, akajaza; baada ya wiki mbili hali ikawa ileile. Wa pili anasema sensa imekufa, nitafute mpya. Ni sensa kweli? Na nikienda dukani niombe ipi?

Jibu:

Dada yangu, kwa maelezo uliyotoa, gesi naiondoa kwenye washukiwa kabla hata friji haijafunguliwa. Friji iliyopungukiwa gesi huhangaika. Kompresa hainyamazi, mwili wake unachemka, na skrini inapanda taratibu, 10, 12, 15, kwa sababu sensa nzima, yaani kipimajoto kidogo cha ndani ya friji, inasema kile inachokiona. Yako haihangaiki. Inanguruma kidogo, inapumzika, na skrini imetulia kwenye 6. Maana yake bodi, yaani sakiti inayoiamuru kompresa, imepelekewa taarifa kwamba kazi imekwisha. Bodi haina macho mengine zaidi ya ile sensa. Ikiambiwa ni nyuzi 6, inazima. Kwa hiyo anayetafutwa hapa ni yule aliyepeleka taarifa, na kama taarifa yenyewe ni ya kweli.

Niseme neno kuhusu hiyo gesi, maana linaniuma. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna tundu. Fundi anayejaza bila kukuonyesha tundu lilipo na jinsi alivyoliziba hajakutengenezea kitu. Angalia kibandiko cha nyuma ya friji. Kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Kama ni R600a, hiyo ni gesi inayowaka moto, na friji ndogo huwekewa gramu chache tu, kwa hiyo hupimwa kwa mizani, haikadiriwi kwa kusikiliza. Ukiona bomba nene linalorudi kwenye kompresa limeganda barafu au linatiririka maji kompresa ikiwa kazini, kuna uwezekano mkubwa aliizidisha. Hilo litahitaji fundi mwenye mizani na pampu ya kunyonya hewa, lakini ni kazi ya baadaye. Tumalize kwanza hili la joto.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha unajua skrini inakuambia nini. Friji nyingi za mvinyo huonyesha joto uliloagiza, si joto lililopo. Nyingine huonyesha lililopo, na uliloagiza linatokea ukibonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha, likiwakawaka kwa sekunde chache. Bonyeza uone. Ukikuta 6 ni agizo tu, basi hujawahi kuliona joto la ndani hata siku moja, na huna haki bado ya kuilaumu sensa. Fanya hivyohivyo kila umeme ukikatika na kurudi, kwa sababu bodi nyingi husahau ulichoagiza zikarudi kwenye namba ya kiwandani. Wapo watu wanaoita fundi kwa jambo hilo peke yake.

Tuseme umehakikisha kwamba 6 ndiyo joto ambalo friji inaamini liko ndani. Sasa tunahitaji shahidi wa pili, nacho ni kipimajoto. Kile cha homa cha duka la dawa hakifai, kwa kuwa vile vya kisasa vya skrini huanzia nyuzi 32 na chini ya hapo havisomi. Tafuta kile chenye skrini ndogo na waya mweusi mrefu wenye ncha ya chuma, ambacho wafugaji hukitumia kwenye mashine za kutotoleshea vifaranga. Ni cha bei ndogo, na waya wake unapita kwenye raba ya mlango bila kuzuia mlango kufunga. Ukipata viwili ni bora zaidi.

Chukua glasi ya maji, iweke rafu ya katikati ya kanda ya juu, tumbukiza ncha ya kipimajoto ndani yake, funga mlango, uache usiku kucha. Maji ni lazima. Hewa ya ndani hupanda na kushuka kila kompresa inapowaka na kuzima, na ukifungua mlango inakimbia yote. Maji yanakupa wastani, sawa na mvinyo ulio ndani ya chupa. Ncha ya kipimajoto cha pili ibandike kwa utepe wa gundi karibu kabisa na sensa ya friji yenyewe. Sensa iko nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki chenye matundu, kwenye ukuta wa nyuma au wa pembeni, mara nyingi kimeshikwa na skrubu moja au mbili. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufungua mlango, soma namba zote tatu: ya skrini, ya kwenye glasi na ya kwenye sensa.

Namba hizo tatu ndizo zitakazoamua kesi. Ikiwa skrini inasema 6, pale penye sensa kipimajoto nacho kinasema 6 au 7, lakini glasi ina nyuzi 13, sensa yako ni mkweli. Baridi ipo, ila imebaki nyuma. Hapo mkamate feni. Fungua mlango, bonyeza kwa kidole swichi ya mlango kama ipo, usikilize. Feni iliyokufa haisikiki, na ukuta wa nyuma utaukuta na barafu au umande mwingi huku chupa za mbele zikiwa vuguvugu. Au feni inazunguka vizuri lakini chupa zimebanwa mpaka zimegusa ukuta na kuziba matundu ya hewa. Hoteli zina tabia hiyo msimu wa wageni. Friji ya chupa 30 inabebeshwa 40, na zilizozidi zinalazwa juu ya nyingine. Kwa hali hiyo sensa mpya hata kumi hazitasaidia.

Ikiwa glasi inasema 14, pale penye sensa napo ni 13 au 14, na skrini bado inang'ang'ania 6, basi fundi wako wa pili yuko karibu na ukweli. Ila nakuomba usikimbilie dukani, kwa sababu sensa na waya wa sensa ni vitu viwili, na mara nyingi anayeumwa ni waya.

Sensa ya friji hizi ni punje ndogo, ukubwa wa mbegu ya mpapai, iliyozamishwa kwenye gundi ngumu nyeusi au kwenye kikofia cha plastiki, ikiwa na nyaya mbili nyembamba. Mafundi wanaiita NTC. Kazi yake ni kubadilisha ukinzani, yaani jinsi inavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu: joto likipanda, ukinzani unashuka, baridi ikiongezeka, ukinzani unapanda. Ile ya omu 10,000, ambayo ni ya kawaida sana, ina omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 14 ina kama 16,600. Kwenye nyuzi 6 ina kama 24,600. Bodi inasoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa namba ya skrini. Basi.

Sasa fikiria konekta, yaani kiungo cha kuchomeka waya kwenye bodi, iliyoingia unyevu, pini zake zimeota kutu ya kijani. Kutu hiyo ni ukinzani uliojipanga mstari mmoja na sensa. Sensa inasema 16,600, kutu inaongeza 8,000, bodi inapokea 24,600 na kuandika nyuzi 6. Sensa haijadanganya, maneno yameongezwa njiani. Ndiyo maana friji inayojiona ina baridi kuliko ilivyo naishuku kwanza kwa kutu au waya uliokatika nusu. Kinyume chake, maji yakipenya ndani ya ile punje yenyewe, umeme unapata njia ya mkato pembeni ya sensa, ukinzani unashuka, na friji inajiona ina joto kuliko ilivyo. Hiyo haipumziki, inagandisha, na mwisho unakuta kizibo kimesukumwa nje. Kwa hiyo kosa likiegemea upande wa baridi, anza na viungo vya waya. Likiegemea upande wa joto, anza na punje. Si sheria isiyovunjika, lakini inaokoa muda mwingi.

Wengine watakuambia ni hewa ya ziwa. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, halina chumvi ya kula chuma kama bahari ya Dar es Salaam. Kinacholeta kutu kwenye friji ya Kigoma ni umande. Msimu wa mvua hewa imebeba maji mengi; kila mlango unapofunguliwa hewa hiyo inaingia, inakuta waya na konekta vina baridi, inaacha matone juu yake. Umeme ukikatika friji inapata joto, ukirudi inapoa tena, na umande unajitengeneza upya. Friji ya baa inayofunguliwa kila dakika 5 inaumwa haraka kuliko ya nyumbani, hata zikiwa za mtengenezaji mmoja.

Friji yako ina bahati moja kubwa, ina kanda mbili. Ina maana unayo sensa ya pili, nzima, ya kulinganisha nayo. Chomoa plagi ukutani, usizime kwa swichi tu, na usubiri dakika kama 10, kwa sababu kapasita za bodi hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa. Kama hujazoea kazi hii, hapa mkabidhi fundi wa pili ukiwa umesimama pembeni. Afungue kifuniko cha bodi, mara nyingi kiko nyuma kwa chini au juu karibu na skrini, atafute konekta mbili ndogo za pini mbili zinazofanana. Apige picha kwanza kwa simu. Kisha abadilishane: ya kanda ya juu aichomeke mahali pa ya chini, na ya chini mahali pa ya juu. Sensa hizi hazina chanya wala hasi, hutaunguza kitu. Arudishe kifuniko, awashe, asubiri dakika chache. Kama sasa skrini ya chini ndiyo inayosoma namba ya uongo, ugonjwa umehama pamoja na waya, na bodi ni nzima. Kama skrini ya juu bado inadanganya ingawa imepewa sensa nzuri, ugonjwa uko kwenye bodi au kwenye pini za bodi, na sensa mpya ungeinunua bure. Jambo moja tu: hakikisha kwenye hizo konekta hakuna ya sensa ya tatu, ile inayobandikwa kwenye mabomba ya baridi kuangalia barafu. Friji nyingine zinayo, nayo huwa inafanana na wenzake.

Ugonjwa ukihama na waya, unaingia kwenye kipimo cha barafu, ninachokipenda kuliko vyote kwa kuwa hakitegemei chombo ghali wala neno la mtu. Ponda barafu, ijaze kikombe, ongeza maji safi kidogo tu ya kuziba nafasi, koroga. Usitie chumvi, chumvi inashusha joto chini ya sifuri na kuharibu kipimo. Baada ya dakika chache kikombe hicho kina nyuzi 0, Kigoma au popote. Usijaribu kutumia maji yanayochemka kama alama ya nyuzi 100: Kigoma iko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari na Tabora kama mita 1,200, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika 100. Tumbukiza kwanza kipimajoto chako. Kikisoma kati ya nyuzi 1 chini ya sifuri na nyuzi 1 juu yake, kinafaa. Kisha punje ya sensa ivike kidole kilichokatwa kwenye glovu ya mpira, isilowe, uizamishe katikati ya barafu. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iwe kwenye ukinzani, kipimo cha 200k (omu 200,000), kwa sababu cha 20k hakifiki huko.

Sensa nzima ya omu 10,000 itatulia mahali fulani kati ya omu 27,000 na 33,000, kutegemea aina. Ya omu 5,000 itakuwa nusu ya hapo. Muhimu ni kwamba itulie. Ikicheza, inaruka 30, 45, 28, kuna kiungo kinachopumua. Shika waya, upinde taratibu kuanzia kwenye punje kwenda kwenye konekta, ukiangalia skrini ya multimita. Mahali namba inaporuka ndipo palipokatika. Halafu itoe kwenye barafu, ifumbate kwenye kiganja: namba lazima ishuke kwa mteremko laini mpaka karibu omu 6,000 hadi 6,500 kwa ile ya 10,000. Irudishe kwenye barafu, pima mara mbili, mara ya kwanza ukigusa pini za konekta, mara ya pili ukigusa nyaya karibu na punje baada ya kuzimenya kidogo. Kama kwenye konekta unapata 40,000 na karibu na punje unapata 32,000, umemuona mwizi kwa macho yako: zile 8,000 zinapotelea kwenye waya na konekta. Sensa yako iache. Kata konekta, lehemu upya, kazi imekwisha.

Punje yenyewe ikiwa ndiyo mbaya, sasa ndiyo unakwenda dukani, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Sensa za friji na za viyoyozi kwa macho ni zilezile, lakini zipo za omu 2,000, 5,000, 10,000 na hata 20,000. Ukimwambia muuzaji "nipe sensa ya friji" atakupa iliyo karibu na mkono wake. Ukifunga ya 5,000 kwenye bodi ya 10,000, chumba chenye nyuzi 25 kitasomeka kama nyuzi 41 hivi, na kompresa haitapumzika mpaka ife. Kwa hiyo pima ile nzuri ya kanda ya chini kwenye barafu na kwenye nyuzi 25, andika namba mbili hizo kwenye karatasi, nenda nazo. Ya barafu ndiyo inayotenganisha ndugu wanaofanana. Kuna 10,000 zinazopanda hadi kama 27,000 kwenye barafu na kuna zinazofika 33,000. Kwenye pakiti zimeandikwa 3435 na 3950, kwa mfuatano huo. Ukizichanganya friji itafanya kazi, ila itakuwa imekosea kama nyuzi 2 hivi, na kwa mvinyo mweupe mgeni anasikia tofauti hiyo. Kama unaagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi, mpigie muuzaji, mtajie namba zote mbili, na agiza mbili kwa mpigo. Ni kitu cha bei ndogo. Nauli ya mzigo ndiyo inayouma.

Wakati wa kufunga, usivute waya wa zamani ukutani. Umezikwa kwenye povu na utabomoa. Ukate karibu na sensa, uunganishe mpya hapo. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe mweusi ndiko kulikotufikisha hapa, maana utepe unashika maji. Lehemu kwa risasi, vika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, ziba kwa silikoni. Silikoni nayo chagua. Ile inayonuka siki inakula shaba. Tafuta isiyonuka hivyo. Waya uache ulegee kidogo kuelekea chini kabla haujapanda kwenye sensa, ili umande udondoke pale badala ya kutambaa mpaka kwenye kiungo. Punje irudi palepale ilipokuwa, ndani ya kifuniko chake, isiguse ukuta wa nyuma wala chupa.

Kwa wasomaji wengine wenye friji zisizo na kompresa, zile za kimya zinazopozwa na kibao cha umeme kiitwacho Peltier: hizo msianze na sensa. Zinatumia jambo alilogundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834, na uwezo wake ni kushusha joto kwa nyuzi kama 15 hadi 20 chini ya chumba, si zaidi. Tabora mwezi wa Oktoba, chumba kikiwa na nyuzi 32 mchana, kuiagiza 8 ni kuionea. Isogezwe mbali na ukuta, feni ya nyuma ipigwe brashi, na kabla ya kununua friji yoyote someni herufi za tabaka la hali ya hewa kwenye kibandiko. N imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43.

Turudi kwako, dada. Baada ya matengenezo rudia glasi ya maji usiku mmoja. Skrini na glasi zikipishana kwa nyuzi 1 au 2, acha, hiyo ni kawaida, na rafu ya juu kabisa huwa na joto kidogo kuliko ya chini. Zikipishana zaidi, usiruhusu mtu aguse gesi wala abadilishe bodi kwa kubahatisha. Niandikie namba nne: sensa ya juu kwenye barafu, ya chini kwenye barafu (zote mbili ukiwa umegusa konekta), sensa ya juu kwenye kiganja, na joto la glasi asubuhi. Pamoja nazo nitumie picha ya kibandiko cha nyuma.